Kinacholiwa ni cha nani? Kitenzi "kula" katika hekaya za Unguja za 1870

Paka wa sultani amekamata ndama akala. Watumishi wanakwenda kutoa habari, na sultani anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, wamwache. Analiwa mbuzi, jibu ni lilelile. Analiwa ng'ombe, halafu punda, halafu farasi, halafu ngamia. Kadiri malalamiko yanavyozidi ndivyo sultani anavyoamini kuwa watu hawa wana chuki tu na paka wake, mpaka anafika mahali pa kusema kwamba hata akitaka kula mtu, na ale.

Kisa hiki cha Sultani Majinuni kimo katika Swahili Tales, mkusanyo ambao Edward Steere aliuchapisha London mwaka 1870. Wanaokikumbuka hukikumbuka kwa ajili ya dubwana analogeuka paka huyo, Nunda mla watu. Ninachokifuata hapa ni kitu kidogo zaidi, nacho ni kitenzi kula. Hakuna neno la kawaida kuliko hilo, na msomaji hulipita bila kuligusa. Lakini ukilishika mkononi ukatoka nalo hadithi moja hadi nyingine, unaona limebebeshwa mzigo usio wake. Watambaji wa Unguja walilitumia kuuliza jambo ambalo mbele ya sultani halikuwa rahisi kuulizwa: hiki kinacholiwa ni cha nani, na nani amempa mlaji ruhusa?

Kwanza kitabu chenyewe. Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Kianglikana (Universities' Mission to Central Africa), na miaka kumi baadaye yeye mwenyewe akawa askofu. Hadithi alizipata kwa wenyeji, akazichapa kwa Kiswahili ukurasa mmoja na kwa Kiingereza ukurasa unaoutazama. Mwaka huohuo alitoa pia kitabu chake cha sarufi. Kiswahili cha hadithi hizi ni Kiunguja, lahaja ile iliyokuja kufanywa msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hiyo msomaji wa leo hapotei sana. Atakutana na "mashikio" badala ya masikio, atakuna kichwa kidogo, ataendelea.

Kilicho na faida kwa uchambuzi wa namna hii ni kwamba hadithi zenyewe si za ukoo mmoja. Hasibu Karimu Dini anatoka katika Alfu Lela Ulela. Punda wa Dobi ametoka India, akapitia Kalila na Dimna, kitabu cha ngano cha Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu, ndipo akashuka pwani. Liongo ni wa hukuhuku, pwani ya kaskazini, upande wa Pate. Basi neno likionyesha tabia ileile katika hadithi zenye asili mbalimbali hivyo, tabia hiyo haikuletwa na chombo kutoka Uarabuni wala India. Ni ya hao waliokuwa wakisimulia.

Kulifuata neno lenyewe kuna mitego. Shina la kitenzi hiki ni -la tu, silabi moja, na kama ndugu zake -fa, -ja na -nywa, hubeba ku- katika nyakati fulani na kuitupa katika nyingine. Anakula, alikula, atakula. Lakini akala, ale, asile, hula. Na hadithi za kale hutembea kwa -ka-: akaenda, akaona, akala, akarudi. Anayetafuta "kula" peke yake atakosa sehemu kubwa ya kinachotafutwa. Lazima atafute akala, na akifika wakala akumbuke kwamba humu ndani hao si mawakala wa mtu, ni watu waliokuwa na njaa. Atatafuta kuliwa, mla, chakula, kulisha na kulia. Hiyo kulia ina pande mbili, kwa kuwa kuna kulia kwa machozi ambako hakumo katika ukoo huu, na kuna kulia chakula ambako kumo kabisa, pamoja na mkono wa kulia, ambao ni mkono wa kulia chakula. Neno kulala atalitupa. Niulaga, ambayo tutaikuta katika wimbo wa Nunda, inatokana na kitenzi cha zamani cha kuua. Ile -la- ya katikati haihusiani na chakula hata kidogo, ingawa sikioni inacheza vizuri karibu na "mla".

Baada ya kupepeta hivyo, kunabaki rundo kubwa ambalo halina la kusema. Watu wanafika safari, wanaandaliwa, wanakula, wanalala. Kuna arusi, watu wanakula. Mtambaji anapita hapo mbiombio, sentensi mbili tatu, wala hataji kilicholiwa. Mbio hizo zenyewe ni ushahidi. Chakula kikiwa na mwenyewe anayejulikana, na mwenyewe akiwa amekitoa kwa hiari, hadithi haina kazi nacho. Inasimama pale ambapo anayekula na mwenye mali si mtu mmoja.

Rudi sasa kwa Sultani Majinuni, maana ndiye kiini cha shauri hili. Kisa chake hakianzi na paka. Kinaanza na mtende. Sultani ana mtende bustanini, na kila mwaka tende zikiiva ndege anakuja anazila zote. Sultani anachukia. Anawatuma wanawe, mmoja baada ya mwingine, wakalinde usiku, na mmoja baada ya mwingine wanalala usingizi, wanaamka asubuhi mti mtupu. Anabaki yule wa mwisho, anayedharauliwa, aliyezoea kushinda jikoni. Huyu anakwenda na mahindi na mchanga. Anatafuna mahindi, usingizi ukimjia anatia mchanga kinywani, chengachenga za mchanga zinapiga meno, anazinduka. Ndivyo anavyomkamata ndege.

Tukio hilo dogo la mchanga lina thamani kubwa kwa anayefuatilia kula. Kaka zake hawakuwa na la kufanya usiku ila kungoja. Yeye anakilinda chakula cha baba kwa kula, na anachokula ni kile ambacho hakuna mtu angekigombania. Mtoto wa jikoni, ambaye angetazamiwa kuwa mlaji wa kwanza wa nyumba, ndiye pekee aliyeweza kukaa karibu na tende zilizoiva na kuzifikisha kwa mwenyewe.

Weka sasa sehemu mbili za kisa kimoja kando kwa kando. Ndege anakula tende za sultani: sultani hana raha, anaweka ulinzi, anawatia wanawe aibu. Paka anakula ndama, mbuzi, ng'ombe, punda, farasi na ngamia wa sultani: sultani ametulia. Hasara ya pili ni kubwa mara nyingi kuliko ya kwanza, wala hakuna anayeweza kulinganisha ngamia na kikapu cha tende. Kilichobadilika ni mlaji tu. Ndege si wake, paka ni wake. Kwa hesabu ya sultani, chake kikila chake, hakijaliwa. Kimehama tu kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule.

Mtambaji haipingi hesabu hiyo kwa maneno. Anaiacha iendelee kwa kanuni yake yenyewe hadi ijikwae. Paka anakula mtoto wa mtu. Hapa sultani hawezi tena kusema kuwa aliyeliwa ni wake, na bado jibu halibadiliki. Paka anahamia mwituni, anakula wapita njia. Jibu lilelile. Kisha anawala wana wa sultani. Hapo, na hapo tu, baba mtu anatamka kwamba huyu si paka tena, huyu ni Nunda.

Tazama jina analopewa. Kiswahili kina njia mbili za kumtaja anayekula. Kuna mlaji, anayejitegemea: fulani ni mlaji, basi, sentensi imekwisha. Na kuna mla, ambaye hawezi kusimama peke yake. Ukisema mla ukanyamaza, msikilizaji atakuuliza mla nini. Mla mbuzi, mla kunde, mla watu. Jina hilo linalazimisha kinacholiwa kitajwe. Siku zote za ndama na farasi hakuna aliyemwita paka mla ng'ombe, kwa kuwa sultani alikuwa amekataa kutazama kilicholiwa. Alitazama nani ni mwenyewe. Nunda anapata jina siku ambayo kilicholiwa hakiwezi tena kufichwa nyuma ya neno "changu".

Hapa inanibidi niseme jambo moja kuhusu mahali na wakati. Hadithi hizi zilichapishwa mwaka 1870, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Waliosikiliza kisa hiki waliishi katika mji ambao watu walikuwa wakiorodheshwa pamoja na mali. Sidai kwamba mtambaji alikusudia kuusema mfumo ule, na kulazimisha hadithi iwe hotuba ni kuiharibu. Lakini sultani anayesema vyangu, vyangu, vyangu, na orodha yake ikaanza kwenye ndama na kuishia kwa binadamu, hakuwa kiumbe wa ajabu kwa msikilizaji yule. Sentensi hiyo aliijua.

Baadaye kijana anatoka kumwinda Nunda. Kila akiua mnyama anamburura hadi kwa mama yake akiimba "Mama wee, niulaga Nunda mla watu", na mama anamjibu kwamba huyu siye. Anakuja na mbwa. Anakuja na twiga. Anakuja na tembo. Mama anazijua alama za Nunda, masikio yake na mkia wake, na hadanganyiki na ukubwa. Ni sehemu tamu ya kusimuliwa kwa sauti, na kwa shauri letu inatosha kuona kwamba wimbo mzima umefungwa kwa neno mla: mnyama hapimwi kwa kimo, anapimwa kwa alichokula.

Methali ya pwani inayosema mla cha mwenziwe na chake huliwa ingeweza kubandikwa juu ya kisa hiki, na huenda wengi wameibandika. Mimi naona inakosa shabaha kidogo. Sultani hakula cha mwenziwe, alikaa tu. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba kuna kula kusiko na mwenzio.

Tukienda kwa Liongo tunakuta neno lilelile limeshikwa na mtu mwerevu zaidi. Liongo ni jabari na mshairi, na watu wa mji wanamwogopa. Wanamtia gerezani, miguu ina pingu. Mama yake anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi, Saada, na kila siku walinzi wanakinyang'anya. Kizuri wanakula wao, makombo anapewa mfungwa. Ni uonevu wa kawaida kabisa wa kila gereza, na hadithi nyingine ingeupita. Hii inaugeuza kuwa ufunguo.

Liongo anatuma maneno kwa mama yake kwa wimbo, mbele ya walinzi, nao hawaelewi. Aoke mkate, katikati atie tupa, kile chombo cha kukerezea chuma. Mama anafanya mikate mizuri ya kupendeza macho, na mmoja mkubwa wa wishwa, yaani yale makapi ya nafaka ambayo mtu huwapa kuku. Tupa zimo ndani ya ule wa wishwa. Saada anafika langoni, walinzi wanachagua. Mizuri wanakula, wa wishwa wanautupilia mbali: mpelekee bwana wako. Kisha Liongo anawaomba watu wapige ngoma, pamoja na matoazi na upatu, na kelele ikishamiri anakereza pingu bila mtu kusikia.

Mpango wote umejengwa juu ya uhakika mmoja: walinzi watakula kisicho chao. Laiti wangekuwa waaminifu, chakula chote kikamfikia mfungwa, hakungekuwa na sababu ya kuoka wishwa, na mkate mzuri wenye kitu kizito ndani ungeweza kukaguliwa. Uroho wao ni wa kutegemewa kuliko uaminifu wa mtu mwema. Mama hakuficha tupa mahali pasipoonekana, aliificha mahali pasipotamaniwa. Na Saada, ambaye anabeba chakula kwenda na kurudi siku zote hizo, hatajwi hata mara moja kuwa amekula. Yeye ndiye anayejua kila kitu kinacholiwa na kila kisicholiwa, na hana fungu katika chochote. Mtambaji hakumsemea lolote juu ya hilo. Amempa jina, ambalo walinzi hawana.

Kuna pia kikoa. Kula kikoa ni kula kwa zamu: leo zamu ya huyu kutoa, kesho ya yule, wote wanakula pamoja. Ni desturi ya usawa, na ndiyo kinyume kamili cha sultani na paka wake. Watu waliotumwa kumwua Liongo wanamwalika kikoa, wanaafikiana kiwe cha makoma, matunda ya ule mnazi wa porini mrefu usiopandika kwa urahisi. Kila mtu siku yake anapanda mkoma anaangua. Hila yao ni kwamba siku ya Liongo, akiwa juu hana pa kukimbilia, wampige mishale. Siku inafika. Liongo anachukua upinde, anayapiga makoma kutoka chini, yanaanguka, haya kuleni.

Nimelisoma tukio hili pamoja na lile la mkate na naona ni mawazo mawili yanayotazamana. Gerezani, watu wanakula kisicho chao waziwazi, na mfungwa anafaidika. Mwituni, watu wanakula kwa haki kabisa, kila mtu zamu yake, na haki hiyo ndiyo mtego. Kwa hiyo kitabu hiki hakiamini kwamba kula pamoja kunatosha kuwafanya watu wawe wema. Mla nawe hafi nawe, wanasema wahenga, ila mzaliwa nawe. Na Liongo hata wa kuzaliwa naye hakumfaa, kwani anayemwua mwishoni ni mwanawe, kwa sindano ya shaba kitovuni.

Hadithi ambazo kiumbe anatakiwa aliwe ili awe dawa nitazipitia kwa haraka zaidi, ingawa Punda wa Dobi anajulikana kuliko zote. Kima na papa ni marafiki. Kima yuko juu ya mkuyu anakula kuyu, papa yuko chini majini, na kila siku anatupiwa. Urafiki wote ni huo, mmoja anatupa, mwingine anadaka. Siku moja papa anamwalika kwao amlipe wema, anambeba mgongoni, na katikati ya bahari anamwambia kuwa sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba laiti angeambiwa mapema, maana kima wakitembea huiacha mioyo yao mtini. Papa anageuza. Kima akishapanda hashuki tena, na badala ya moyo anamtolea papa kisa cha punda jike aliyeposwa na simba kwa kinywa cha sungura, akaja, akarukiwa, akakimbia, akabembelezwa, akarudi, akaliwa. Simba alipouliza moyo na mashikio viko wapi, sungura aliyekwisha kuvila alijibu kwamba punda wa dobi hana moyo wala hana mashikio. Angekuwa navyo asingalirudi mara ya pili.

Katika masimulizi ya Kihindi anayeutamani moyo wa kima ni mke wa mamba, na katika Kalila na Dimna ni mke wa kobe anayejifanya mgonjwa. Unguja mke ameondoka na sultani ameketi mahali pake. Mabadiliko hayo yanaipeleka kula mahali palepale tulipotoka. Tamaa ya nyumbani imekuwa haja ya dola, na kuliwa kwako kunaitwa dawa. Papa hasemi "tutakula moyo wako". Anasema sultani hawezi, yaani ni mgonjwa. Kitenzi kimefichwa, na kima anaokoka kwa kuwa amekisikia hata hivyo.

Hasibu naye yumo katika mkumbo huo. Anaachwa shimoni na wakata kuni wenzake kwa sababu ya asali ambayo yeye ndiye aliyeigundua. Wao wakaiuza, naye wakamwachia kukwangua mabaki. Anaokolewa na sultani wa nyoka, anampa ahadi, na mwishowe nyoka huyohuyo anachemshwa ili binadamu mwenye enzi apone. Povu la kwanza na la pili, waziri anakunywa lisilo lake, anakufa. Kitenzi hapa ni kunywa zaidi ya kula, lakini swali halijabadilika. Na yule sungura wa hadithi nyingine anayemwalika buku, yule panya mkubwa, halafu kobe, wakale asali akidai mzinga ni urithi wa baba yake, ilhali ni wa simba, ndiye pekee katika kitabu anayelisema swali wazi na kulijibu kwa uongo.

Kisa cha Sultani Darai kinahitaji uangalifu, kwa kuwa humo neno limegeuka upande. Maskini anapekua jaani kama kuku akitafuta punje za mtama. Anaokota thumni, sehemu ya nane ya reale, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka: asiyeweza kujilisha atalishaje paa? Lakini paa hahitaji kulishwa. Anaomba ruhusa aende akatafute malisho, jioni anarudi, na siku moja anarudi na almasi. Kwa almasi hiyo na kwa ulimi wake anampatia bwana wake mke, binti wa sultani, kisha anaua joka la vichwa saba na kumpatia nyumba yenye kila kitu.

Halafu paa anaugua. Habari inapelekwa kwa bwana, ambaye sasa ana ghala zilizojaa, naye anaagiza apikiwe uji wa mtama, ule wa ovyo. Anakumbusha watu kwamba alimnunua kwa thumni tu. Mke wake anaona haya. Paa anakufa, anatupwa kisimani, na bwana anaamka siku moja jaani, anapekua.

Hapa hakuna aliyekula cha mtu. Kwa hiyo nadharia yangu ya mlaji na mwenye mali ingekwama, kama si kwamba lugha yenyewe inatoa njia: kutoka kula tunapata kulisha. Anayekula ana swali la haki, anayelisha ana swali la deni. Maskini alipokuwa hana kitu, hakudaiwa. Alipopata, kila alichokila kilikuwa cha paa, na alipoulizwa ampe nini, akarejea kwenye bei ya kununulia. Ni sultani Majinuni yuleyule aliyevaa nguo za maskini: wangu, nilimnunua, thumni. Na uji ule wa mtama ni chakula chake mwenyewe cha zamani, punje alizokuwa akizipekua; amempa paa kile alichokuwa akila yeye. Nadhani mtambaji alijua vizuri sana alichokuwa akifanya alipochagua nafaka hiyo wala si nyingine.

Kinachonisumbua ni kisa cha Mwalimu Goso. Anafundisha watoto chini ya mti, paa anapanda kuiba matunda, moja linaanguka linampiga mwalimu, anakufa. Watoto wanamtafuta mwuaji. Wanaanza na kusi, upepo uliotikisa mti. Kusi anasema angekuwa na nguvu asingezuiwa na kiambaza, ukuta wa udongo. Kiambaza anamtaja panya anayemtoboa, panya anamtaja paka anayemla, paka anaitaja kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, ng'ombe anamtaja mdudu anayemganda, na mdudu anamtaja paa anayemla. Paa hana wa kumtaja. Anauawa.

Kuliwa kumo humo mara mbili, na kunywewa mara moja, lakini hakuna mali. Panya si wa paka kwa haki yoyote, wala paka hamnyang'anyi mtu. Kuliwa hapa ni kipimo cha nguvu tu: anayekula yuko juu, anayeliwa yuko chini, sawa na kutobolewa na kuchomwa. Ningependa kusema kwamba wizi wa paa ule mtini ndio unaorudisha swali la mwenye mali, kwani alikwenda kula kisicho chake. Hadithi hainiruhusu. Watoto hawamwulizi paa habari ya matunda, wala hakuna anayetaja mti ule ni wa nani. Wanamwua kwa ajili ya mwalimu. Goso anabaki nje ya shauri hili, na ukimsoma baada ya Majinuni utaona jinsi mnyororo unavyokwenda kasi pale ambapo hakuna mtu wa kusimama katikati na kusema "ni changu, mwacheni".